Foleni ilikuwa tupu, lakini oda 30 zilipotea

Oda 50 ziliingia kwenye foleni ya ukaguzi. Kwenye foleni ya ufungashaji, kutoka kundi lile lile, ziliingia 20. Hakuna logi iliyoandika kosa, hakuna muunganisho uliokatika, na broka, yaani programu inayopokea jumbe na kuzipanga kwenye foleni, alijibu tx.commit-ok (muamala umekamilika) kama kawaida yake. Ilituchukua siku mbili kujua oda 30 zilikwenda wapi, na siku ya tatu tuliimaliza kwa kubishana kosa ni la nani: skripti yetu, broka, au itifaki yenyewe. Nakieleza kisa chote hapa kwa sababu jibu nililofikia silo nililoanza nalo.

Kwanza mpangilio wenyewe. Kichakataji, programu yetu ya kushughulikia oda, kinasoma oda kutoka foleni ya oda.mpya, kinaiuliza huduma ya ghala kama bidhaa ipo, kisha kinachapisha oda kwenye eksichenji (kituo cha broka cha kugawa jumbe) ya aina ya fanout, inayopeleka nakala kwa kila foleni iliyounganishwa nayo. Eksichenji hiyo ina viungo viwili: kimoja kinakwenda oda.ufungashaji, ambako kazi hufanyika, na kingine oda.ukaguzi, ambako nakala hutunzwa. Ili oda isianguke njiani, kukiri (kumwambia broka kwamba ujumbe umeshughulikiwa na auondoe) na kuchapisha tumevifunga ndani ya muamala mmoja. Kichakataji kinakiri oda 50 kilizosoma, kinachapisha 50, halafu kinakomiti, yaani kinavithibitisha vyote kwa mpigo. Kundi moja huchukua kama sekunde 8, na sehemu kubwa ya muda huo ni kuisubiri huduma ya ghala.

Itifaki, yaani kanuni za programu kutumiana jumbe kupitia broka, ni AMQP 0-9-1. Jina la broka silitaji. Alichofanya kinaruhusiwa na itifaki, na mtego tuliutega wenyewe.

Siku hiyo tulikuwa tunabadilisha kikomo cha urefu wa oda.ufungashaji. Aliyefanya kazi na AMQP anaujua usumbufu huu: foleni ikishatangazwa, huwezi kuitangaza tena kwa vigezo tofauti. Broka atakurudishia kosa la 406 PRECONDITION_FAILED na kukufungia chaneli, yaani njia yako ya mawasiliano ndani ya muunganisho. (Wako mabroka wanaoruhusu kikomo kiwekwe kwa sera, nje ya foleni. Sisi tulikiandika ndani ya tangazo miaka iliyopita, na hakuna aliyekumbuka kukihamisha.) Basi unaifuta foleni na kuitangaza upya.

Mwenzangu aliyeandika skripti ya kufanya hivyo hakuwa mzembe hata kidogo. Alisubiri foleni iishe, akasimamisha wapokeaji, kisha akatuma queue.delete ikiwa na kinga zote mbili ambazo itifaki inatoa: if-unused, inayomkataza broka kufuta foleni yenye mpokeaji, na if-empty, inayomkataza kufuta foleni yenye jumbe. Broka alikubali na kurudisha idadi ya jumbe zilizofutwa: sifuri. "Foleni ilikuwa tupu, kaka," aliniambia nilipomuuliza. "Sifuri nimeiona kwa macho yangu." Alikuwa anasema kweli.

Hivi ndivyo mambo yalivyokwenda, baada ya kuunganisha logi za pande tatu:

14:07:31 kichakataji: basic.publish, oda ya 1 kati ya 50
14:07:34 skripti: queue.delete oda.ufungashaji
14:07:34 broka: queue.delete-ok, message-count 0
14:07:34 skripti: queue.declare oda.ufungashaji, kikomo kipya
14:07:35 skripti: queue.bind
14:07:39 kichakataji: tx.commit
14:07:39 broka: tx.commit-ok

Foleni ilifutwa muamala ukiwa katikati. Oda 21 zilikuwa zimekwisha kuchapishwa. Broka wetu huamua njia ya ujumbe pale pale unapochapishwa, lakini hauweki kwenye foleni mpaka komiti ifike. Kwa hiyo oda hizo 21 zilikuwa zimeshikwa pembeni, kila moja ikiwa na anwani ya foleni mbili. Muda wa komiti ulipofika, anwani moja ilikuwa ya foleni iliyokufa. Broka aliiruka, akapeleka kwenye ukaguzi tu, akaendelea na shughuli zake.

Oda 9 zilizofuata zilipotea kwa sababu nyingine kabisa, na hili ndilo lililotuchelewesha, maana tulikuwa tunatafuta sababu moja ya oda 30. Foleni ikifutwa, viungo vyake hufa nayo. Kati ya queue.delete na queue.bind (amri ya kuweka kiungo), eksichenji ilikuwa na kiungo kimoja tu, cha ukaguzi. Oda hizo 9 hazikuwahi kuelekezwa kwenye ufungashaji. Zile 20 za mwisho zilikikuta kiungo kipya na zikafika salama.

Nilirudia jambo hili kwenye kompyuta yangu kwa chaneli mbili. Chaneli ya kwanza: tx.select (fungua muamala), kisha chapisha ujumbe mmoja, kisha subiri. Chaneli ya pili: futa foleni kwa if-empty. Inafutika bila ubishi. Rudi kwenye chaneli ya kwanza, komiti. Jibu: tx.commit-ok. Hatua nne, na ujumbe haupo popote. Nilirudia mara kadhaa nikidhani nimekosea kuandika jina la foleni.

Kinga ya if-empty, kumbe, inahesabu jumbe zilizoko ndani ya foleni. Haihesabu zile ambazo broka amekwisha kuzipokea mkononi kwa ajili ya foleni hiyo na anasubiri ruhusa ya kuziweka. Kiswahili kina neno zuri kwa kazi ya broka: dalali. Dalali huyu alikuwa na mzigo begani, akaulizwa kama nyumba ina vitu ndani, akajibu kwamba ni tupu, ikabomolewa. Alipofika na mzigo akakuta kiwanja, akarudi kuniambia kwamba amefikisha.

Wazo la kwanza la timu lilikuwa alama ya mandatory. Ujumbe wenye alama hiyo ukikosa njia hurudishwa kwa mtumaji kwa basic.return yenye msimbo 312, NO_ROUTE. Wazo zuri, lakini lisingetusaidia. Ujumbe unahesabika umekosa njia pale tu ambapo hakuna foleni hata moja iliyoupokea, na ukaguzi uliupokea. Foleni ya nakala, tuliyoiweka kwa ajili ya usalama, ndiyo ambayo ingeificha hasara. Isitoshe, maelezo ya itifaki yanasema waziwazi kwamba tabia ya mandatory ndani ya muamala haikuainishwa.

Hapo nikaenda kuyasoma maelezo yenyewe, toleo la Novemba 2008, sehemu inayohusu miamala. Yanasema kusudi ni kwamba uchapishaji wote na ukiri wote ndani ya muamala ufanikiwe au usifanikiwe hata mmoja. Kisha yanapunguza kauli: seva inashauriwa kutimiza hilo angalau pale ambapo kila kitu kinahusu foleni moja. Miamala inayogusa foleni nyingi inaweza isiwe kitu kimoja, na sababu inatajwa kwa uwazi: foleni huundwa na kufutwa wakati wowote, na matukio hayo si sehemu ya muamala wowote. RabbitMQ, broka mmoja maarufu wa AMQP, nao katika nyaraka zao wanatoa ahadi ya foleni moja tu.

Kwa hiyo broka hakuvunja sheria. Waandishi wa itifaki waliliona shimo hili mapema, wakaliwekea kibao. Mimi nilikuwa nimelisoma neno muamala kwa maana linayobeba kwenye hifadhidata, nikadhani nimefika.

Swali lenye uzito basi ni hili: broka afanye nini, kama angekuwa na hiari? Nimeona majibu manne, na yote yana watu wanaoyatumia.

La kwanza ni kukataa kufuta. Hii ndiyo tabia ya IBM MQ, mfumo wa foleni za jumbe wa IBM: foleni yenye jumbe ambazo hazijakomitiwa haifutiki. Hata ukiongeza PURGE kwenye DELETE QLOCAL (amri yake ya kufuta foleni), neno hilo linakuruhusu kutupa jumbe zilizokwisha kukomitiwa, si zile ambazo bado ziko hewani. Skripti yetu ingegonga ukuta saa 14:07:34, mwenzangu angejaribu tena baada ya sekunde chache, na kisa hiki kisingekuwepo. Naipenda tabia hii kwa foleni za kudumu. Lakini haitoshi kwa kila foleni. Foleni ya aina ya exclusive hufa muunganisho wa mwenyewe ukikatika, na ya auto-delete hufa mpokeaji wake wa mwisho akiondoka. Hapo hakuna wa kukataliwa, aliyeomba kufuta hayupo tena.

La pili ni kusubiri: foleni inatiwa alama kwamba inakufa, haipokei njia mpya, lakini miamala iliyokwisha kuigusa inaachwa imalize. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye seva halisi unahitaji kikomo cha muda, na kikomo kikifika unarudi kwenye swali lile lile.

La tatu ni kufuta papo hapo na kuuharibu muamala, yaani komiti ikija ijibiwe kwa kukataliwa na vyote virudi nyuma. AMQP 1.0, iliyotoka OASIS (shirika la viwango) mwaka 2012, ina hata maneno ya kulisema hili: amqp:resource-deleted kwa kitu kilichofutwa ukiwa unakitumia, na amqp:transaction:rollback kwa muamala uliorudishwa. Ile ya zamani haina msamiati huo. Broka angelazimika kukufungia chaneli kwa kosa, na chaneli ikifungwa muamala nao unakufa. Ukali wenyewe unakubalika: oda 50 zingerudi kwenye oda.mpya, zingesomwa tena, na safari hii zingekuta kiungo kipya.

La nne ni lile lililotukuta: ruka kilichokufa, komiti kilichobaki, jibu ndiyo.

Niliianza siku ya tatu nikiwa na hakika kwamba la nne ni kosa tupu. Kilichonipunguza makali ni Kafka, mfumo mwingine wa jumbe ambao huzihifadhi kwenye mada badala ya foleni. Miamala yake, iliyoingia na toleo la 0.11 mwaka 2017, inaendeshwa na mratibu. Mratibu akishaandika kwenye logi yake kwamba uamuzi ni komiti, anatuma alama kwa kila pati (kipande cha mada) iliyoguswa na muamala. Akikuta pati haina kiongozi (seva inayoisimamia) kwa sababu mada inaonekana imefutwa, anairuka. Mwanzoni niliona ni uzembe ule ule. Lakini fikiria angefanya nini kingine. Uamuzi umekwisha kuandikwa, na pati nyingine huenda zimekwisha kupata alama zao. Akikwama kwa sababu ya pati isiyokuwepo, wasomaji wa read_committed (wanaosoma jumbe zilizokomitiwa tu) kwenye pati zilizobaki watasimama nyuma ya muamala usioisha, wakisubiri mada iliyofutwa ifufuke. Baada ya uamuzi, kuruka ndiyo njia ya busara iliyobaki.

Tofauti na kisa chetu iko kwenye wakati. Foleni yetu ilikufa sekunde 5 kabla ya komiti. Broka alipokuwa anajibu ndiyo, hakuwa amefungwa na neno lolote alilokwisha kulitoa. Alikuwa na nafasi ya kusema hapana na hakuitumia.

Kutoka hapo mambo yalinikalia vizuri zaidi, kwa sababu niliacha kuuliza "foleni ikifutwa, muamala ufanywe nini" na kuuliza muamala ulikuwa umeifanyia nini foleni hiyo, na umefika hatua gani.

Kama muamala ulikuwa umekiri tu jumbe zilizotoka kwenye foleni iliyofutwa, komiti iendelee. Ukiri maana yake ni "uondoe ujumbe huu", na umekwisha kuondoka. Kukataa muamala mzima kwa sababu hiyo ni ukaidi. Na ukirudishwa nyuma badala ya kukomitiwa, jumbe hazina pa kurudi. Aliyefuta foleni alikwisha kuamua hatima yao.

Kama muamala ulikuwa umechapisha kuelekea foleni hiyo, na njia ilikwisha kuamuliwa, komiti ikataliwe.

Kama ni muamala wa XA (unaounganisha mifumo kadhaa, kama broka na hifadhidata, chini ya mratibu mmoja) uliokwisha kupita hatua ya prepare, yaani ya kujiandaa kukomiti, kufuta ndiko kunakopaswa kusubiri. Hapa sina mjadala. Broka aliyejibu ndiyo kwenye prepare amemwambia mratibu kwamba ataweza kukomiti hata akizimwa na kuwashwa. Hifadhidata ya upande wa pili huenda imekomiti tayari kwa kutegemea neno lake. Foleni hiyo ina mkopo juu yake mpaka mratibu aseme.

Kwenye kanuni ya pili mwenzangu alinipinga, na pingamizi lake lilikuwa zuri. Chukua huduma inayopokea ombi na kutuma jibu kwenye foleni ya muda ya aliyeuliza. Ndani ya muamala mmoja inakiri ombi na kuchapisha jibu. Aliyeuliza anakata muunganisho, foleni yake inakufa. Kwa kanuni yangu komiti inakataliwa, ombi linarudi, linafanyiwa kazi tena, jibu linakosa pa kwenda tena. Je, hatujatengeneza ombi linalozunguka milele?

Tulilichora ubaoni, na jibu ni hapana, ingawa si kwa sababu niliyoitarajia. Mara ya pili, foleni ya jibu haipo tangu wakati wa kuchapisha. Ujumbe haupati njia, hakuna foleni iliyoandikwa kwenye muamala, kwa hiyo hakuna kilichokufa katikati. Komiti inapita, jibu linaanguka kama jibu lolote lisilo na mwenyewe. Gharama ni kazi moja kufanywa mara mbili. Kwa foleni za exclusive naweza hata kukubali gharama hiyo iondolewe, broka azichukulie kama zisizo na njia, kwa kuwa aliyezihitaji ameondoka mwenyewe. Kwa foleni ya kudumu iliyofutwa na mkono wa tatu, sikubali.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita haraka: jina la foleni si foleni. Oda.ufungashaji iliyofutwa saa 14:07:34 na ile iliyotangazwa baada yake zina jina moja, lakini ni vitu viwili. Broka anayeshika jina tu ndani ya muamala, kisha akalitafuta wakati wa komiti, angezipeleka zile oda 21 kwenye foleni mpya, na sisi tungeshukuru. Mwingine asingeshukuru. Foleni mpya inaweza kuwa imetangazwa na programu nyingine, kwa kazi nyingine, na watu wengine wakiwa na ruhusa ya kuisoma. Kila foleni iwe na kitambulisho chake cha ndani kinachozaliwa nayo na kufa nayo, na muamala ushike hicho. Kisicholingana wakati wa komiti kirudishe vyote nyuma.

Oda 30 tulizipata zote kutoka foleni ya ukaguzi. Tulilinganisha namba za oda, tukazichapisha upya moja kwa moja kwenye ufungashaji. Programu ya ufungashaji huikataa namba iliyokwisha kuiona, hivyo hatukuwa na hofu ya kurudia.

Skripti imeandikwa upya na haifuti kitu kwanza. Inatangaza foleni mpya kwa jina jipya lenye namba ya toleo, inaiunganisha na eksichenji, kisha inaondoa kiungo cha foleni ya zamani. Kwa sekunde moja hivi viungo vyote viwili vipo na oda huingia pande zote mbili. Ni bora mara mbili kuliko sifuri, na tatizo la kurudia tumekwisha kulizibia njia. Baada ya hapo inasubiri miamala yote iliyofunguliwa kabla ya kiungo kuondolewa. Hili linawezekana kwa sababu broka wetu anaonyesha kwa kila chaneli idadi ya jumbe ambazo hazijakomitiwa. RabbitMQ nao wanayo, chini ya jina messages_uncommitted kwenye rabbitmqctl list_channels. Chaneli iliyokuwa na idadi juu ya sifuri lazima ionekane ikishuka hadi sifuri angalau mara moja. Ndipo wapokeaji wa foleni ya zamani wanaimaliza, na mwisho kabisa queue.delete inatumwa, bado na if-unused na if-empty.

Kundi la kichakataji nalo tumelipunguza kutoka 50 hadi 10. Halizibi shimo, ila linafupisha muda ambao shimo liko wazi, na skripti haisubiri sana.

Mara ya mwisho ilisubiri dakika 11. Kichakataji kimoja kilikuwa kimekwama kikiisubiri huduma ya ghala, na jumbe 4 mkononi. Mwenzangu wa zamu aliomba tuongeze kitufe cha kulazimisha. Tumekiongeza, lakini kabla ya kufuta kinaandika kwenye skrini namba ya chaneli na idadi ya jumbe ambazo hazijakomitiwa, na kinamtaka anayelazimisha aiandike idadi hiyo kwa mkono wake.